Vigae vya Bibi Nakijwa

Usiku ule nilioamua kuachana na ushairi, nililala usingizi wa pono. Nilikuwa nimechana mashairi yote niliyomwandikia mke wangu marehemu, Amina, miezi ile ya kuugua kwake. Vipande nilivitia kwenye fuko, nikaliweka jikoni ili binti yetu Zuhura awashie moto asubuhi. Yalikuwa mabaya, bwana. Hayana vina wala mizani, kilio kitupu. Mimi niliyezoea kusifu mvua na migomba, niliyaonea haya.

Basi nikajikuta uani kwa Bibi Nakijwa, mama yake baba, mfinyanzi wa vyungu huko kwetu Upareni. Alifariki kabla sijaoa. Ni mchana, ukungu umeshaondoka mlimani, na Bibi amekaa chini, miguu kainyoosha, udongo hadi viwikoni. Wala sikushangaa.

"Umechelewa, mume wangu," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, utani wa bibi na mjukuu.

Nikataka kumsaidia. Palikuwa na chungu kilichovunjika, basi nikashika ufagio, nikazoa vigae vyote, nikavimwaga korongoni. Nikarudi najiona mtu wa maana. Bibi hakunigombeza. Akafinyanga chungu kipya kwa udongo mtupu, laini kama shavu la mtoto. Sijui kilikauka saa ngapi, maana sasa tumesimama mbele ya moto wa magome na nyasi, na chungu kimo ndani.

Pa! Kikapasuka.

"Vigae umevipeleka wapi?"

Mjukuu wa mfinyanzi mzima, nimesahau! Bibi hakutupa kigae hata siku moja. Alivitwanga kwenye kinu, akachekecha, akachanganya unga wake na udongo mpya, kwa sababu bila huo unga chungu hakistahimili moto.

"Nilidhani ni takataka, Bibi."

"Kigae kimeshaungua," akasema. "Moto kinaujua."

Nakimbilia korongoni, na korongo ni wodi ile ya hospitali. Amina amekaa kitandani, anamenya chungwa. Ananitazama na tabasamu lile alilokuwa akinipa nikikosea kina. Naogopa nikisema neno ataondoka. Yeye anamwambia Bibi, ambaye sasa yuko nyuma yangu na kinu chake:

"Msimamie huyu. Ana haraka ya kufagia."

Wakacheka wote wawili, na duniani hawakuwahi kuonana. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikalia.

Nikaamshwa na harufu ya moshi.

"Zuhura! Zuhura wee! Usiwashe!"

Nilitoka mbio kifua wazi, shuka naliburura. Binti yangu alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, fuko liko magotini. Nusu ya karatasi zilikuwa zimeshakuwa majivu. Lakini alikuwa ameacha kuchochea. Ameshika kipande kimoja, anakisoma, na machozi yanamtoka.

"Baba, umeandika hapa kwamba mama akizidiwa na maumivu alikuwa anaimba, ili mimi nisijue. Ni kweli?"

"Kweli, mwanangu."

Sufuria ya chai ikaanza kuvuma.

"Mimi nilidhani amepata nafuu," akasema. "Nilikuwa namwitikia."

Nikaketi karibu naye, pale pale kwenye majivu, nikamshika bega. Baadaye akafuta uso kwa upande wa kanga, akaanza kupanga vipande vilivyobaki sakafuni.

"Nikalete gundi, tuviunge?"

"Acha, mama. Nitavichanganya na vipya. Niletee kalamu."

Akaniletea. Nikaandika mstari wa kwanza kama alivyousema yeye: nilikuwa namwitikia.