Mguu wa Mama Kebbeh

Garmai aliuza mafuta ya mawese sokoni, kibanda cha pili kutoka changu, na tangu vita viishe alitaka kitu kimoja tu: kujua mumewe amelala wapi. Wakati wa vita huyo mumewe, Mulbah, alitolewa nyumbani na Zubah, kamanda wa vijana wapiganaji wa hapahapa kwetu Lofa, akapelekwa upande wa mtoni. Basi. Hakuna kaburi, hakuna hata mfupa. Vita vikaisha, Zubah akakimbilia Ulaya, akawa dereva wa lori, akanenepa.

Kisha wakaja wazungu wa haki za binadamu. Walikuwa watu wema, sitawasengenya. Walikaa kwenye benchi letu, wakala majani ya mihogo kwa pilipili mpaka machozi yakawatoka. Wakasema Zubah amekamatwa, atashtakiwa hukohuko. Je, Garmai atakubali kwenda kutoa ushahidi?

"Nitamwona uso kwa uso?"

"Mtakuwa chumba kimoja."

Hilo lilimtosha.

Siku ya safari, gari lao likinguruma barabarani, akaja Mama Kebbeh, aliyemzaa Zubah, anayeishi nyuma ya soko. Alijitupa vumbini, akaushika mguu wa Garmai kwa mikono miwili. Kwetu ukishikwa mguu huendi popote mpaka umwinue aliyekushika, na ukimwinua kesi imekufa. Lakini kabla hajainuliwa lazima aseme kosa lote, hadharani, asifiche kitu.

"Garmai mwanangu, niachie mtoto wangu. Sina mwingine."

"Mama, niambie Mulbah yuko wapi, nikuinue sasa hivi."

"Nitajuaje mimi? Mimi nilimzaa tu."

"Basi aje anishike anayejua."

Akauchomoa mguu, akapanda gari. Soko zima likaguna. Sijawahi kuona mtu akimwacha mzee chini namna ile, na nasema kweli, siku ile nilimchukia.

"Nenda Ulaya kanenepe na wewe!" muuza samaki mmoja akamzomea.

Aliporudi, redio ilikuwa imeshatangaza: Zubah kafungwa miaka ishirini. Watu walicheza barabarani. Garmai alikaa kibandani, hata kitenge cha safari hajabadili.

"Ulimuuliza?" nikamwambia.

"Nilimuuliza. Jaji akasema mimi nimekuja kujibu, si kuuliza. Nikauliza tena. Wakili wake akasimama, eti Zubah ana haki ya kunyamaza." Akacheka kicheko kibaya. "Haki, dada. Hata yeye kagawiwa."

Hakula siku ile. Kisha tukasikia kwamba gerezani Zubah huruhusiwa kumpigia mama yake simu kila Jumapili. Garmai alifunga kibanda, akavuka soko watu wakimtazama, akalala kifudifudi mbele ya Mama Kebbeh, akamshika mguu.

"Mama, nilikuacha vumbini mbele za watu. Nilikudhalilisha, na nilijua ninachofanya. Nimekosa. Niinue, mama. Jumapili akipiga, nakuomba umuulize."

 Nilidhani Mama Kebbeh atamtemea mate, na moyoni ningempa haki.

"Nilishamuuliza, mwanangu," akasema. "Tangu ile siku uliyoniacha kule vumbini. Anasema aliowapeleka mtoni walikuwa wengi. Hamkumbuki wako."

Akainama amwinue. Garmai hakuuachia mguu.