Kuku Wangu Waliovaa Soksi

Naapa kwa meno yangu matano yaliyobaki, haya yalinipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi hata punje. Daktari mwenyewe kanikataza chumvi.

Karatasi isiyo na jina ilinitaja mbele ya watu hamsini. Na karatasi hiyo niliiandika mimi.

Tulieni niwape mkasa.

Mimi ni mstaafu. Miaka thelathini nilisoma mita za maji, nyumba kwa nyumba. Nimekuta mita imefunikwa sufuria. Nimekuta mita imezikwa, juu yake limepandwa waridi. Ujanja wa binadamu naujua wote.

Nilipostaafu nikajenga vyumba uani, nikapangisha. Kwenye fomu ya kodi ya majengo nikajaza: "Banda la kuku."

Miaka kumi na moja, hakuna aliyeuliza mayai yako wapi.

Siku moja simu ikaita. Sauti ya binti, laini kabisa.

"Shikamoo babu. Jina lako limeokotwa kwenye bahati nasibu. Utakuwa mmoja wa wananchi hamsini watakaojadili marekebisho ya kodi."

"Marahaba mwanangu. Posho ipo?"

"Ipo, babu."

"Basi nchi kwanza!"

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akanitazama juu ya miwani.

"Baba watoto, huko nenda ukasikilize tu. Huo mdomo wako ndio utakaotuuza."

"Mama watoto, naenda kulilinda banda. Wakitaka kuvibana vyumba vya kupangisha, nani atatutetea sisi wafugaji?"

Alicheka mpaka miwani ikadondoka.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka kama imelazimishwa. Mtaalamu mwenye tai akamulika ukutani maduara ya rangi rangi, akatuambia sisi ndio wenye maamuzi. Wenye maamuzi nusu tulikuwa tumeshasinzia.

Pembeni nikaona maboksi. Jicho la msoma mita halistaafu. Nikachungulia.

Vitabu! Jalada gumu, maandishi ya dhahabu: "Maoni ya Wananchi Kuhusu Kodi."

Na hapo hata chai ya asubuhi hatujanywa.

Nikamnong'oneza fundi viatu aliyekaa kiti cha pili. "Bwana mdogo, maoni yetu yamefika kabla yetu."

"Yanasemaje, mzee?"

Nikafungua ukurasa wa mwisho. "Yanasema tumeridhika."

Fundi viatu akaruka juu, akamgeukia binti aliyeongoza kikao. "Dada mwezeshaji! Sisi tumeridhika lini?"

Ukumbi ukawaka moto. Mtaalamu akajitetea kwamba ile ni rasimu tu.

"Rasimu gani ina dhahabu?" fundi viatu akamrudi.

Mwezeshaji, yule binti wa kwenye simu, akaona mambo yanaharibika. Akatugawia karatasi.

"Wazee wangu, ndugu zangu, kila mmoja aandike njia moja anayoijua ya kukwepa kodi. Msiandike majina. Hatumtafuti mtu, tunatafuta tundu."

Akili ikaniambia: andika mstari mmoja, kaa chini.

Lakini nikamwona fundi viatu anajaza karatasi, kalamu inakimbia. Mimi nishindwe hadithi na mtu wa gundi?

Nikajaza mbele na nyuma.

Binti akaanza kusoma. "Kutoa risiti ya nusu bei." Watu wakapiga miayo. "Kufunga duka mkaguzi akipita." Miayo tena.

Halafu akashika yangu.

"Naapa kwa meno yangu matano yaliyobaki, namjua mzee mmoja mwenye vyumba viwili vya kupangisha alivyoviandikisha kuwa banda la kuku. Mkaguzi alipokuja, mzee akaazima majogoo kwa jirani. Mkaguzi akauliza, 'Hizo soksi kwenye kamba ni za nani?' Mzee akasema, 'Za kuku. Baridi hawaiwezi.' Cherehani ikalia ndani. Mzee akasema, 'Mashine ya kutotolesha vifaranga.' Mara mpangaji akapiga chafya. Mzee akapiga ukelele, 'Mafua ya kuku hayo!' Mkaguzi akakimbia, kiatu kimoja akakiacha."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Watu waligongana mabega. Hata mwenye tai alifuta machozi.

Na mimi nikacheka, domo wazi. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Fundi viatu alikuwa ananichungulia mdomoni. Midomo yake inahesabu.

"Mzee wangu, hebu cheka tena."

Nikafumba kinywa kama pochi ya bahili.

"Matano!" akapiga kelele. "Jamani, ni matano!"

Vichwa vyote vikageuka.

Nikasimama haraka. "Ndugu wananchi! Napendekeza kila atakayejitaja mwenyewe kabla ya mwezi kwisha alipe kodi yake bila faini!"

"Kwa sababu gani, babu?" binti akauliza, anabana kicheko.

"Huruma tu. Huenda huyo mzee ana familia."

Pendekezo likapita kwa mikono yote. Wangu ulitangulia.

Sasa oneni vituko vya wakubwa. Vile vitabu havikutupwa. Vilibandikwa karatasi moja tu nyuma: mabanda ya kuku yenye mapazia yakaguliwe, anayejitaja asamehewe faini. Watu hamsini, siku nzima tumebishana, na maoni pekee ya wananchi yaliyoingia kitabuni ni kuku wangu.

Tena yalitekelezwa ndani ya wiki tatu. Barabara yetu ina shimo la miaka tisa.

Mke wangu akanifunga vifungo vya shati mwenyewe, akanisindikiza ofisi ya kodi. Karani akauliza dirishani, "Vyumba vingapi, baba?"

"Viwili."

Mke wangu akakohoa.

"Vitatu."

Akakohoa tena, foleni nzima ikageuka.

"Andika vinne, mwanangu, kabla huyu mama hajalazwa."

Nikalipa ya miaka kumi na moja, yote. Ile posho ilimaliza deni la chumba kimoja, miezi miwili.

Funzo? Ukiombwa maoni, pima kwanza. Unaweza kukuta ndiyo pekee yatakayosikilizwa. Na ukitaka kukwepa kodi, usipende kusifiwa.

Mke wangu amesimama nyuma yangu hapa, anasoma ninachoandika.

Amekohoa.

Haya, basi. Meno ni manne. La tano ni la bandia.