Vibati Viwili Sakafuni

Siku ya kwanza kazini woga ulinishika hata nikavaa aproni nyuma mbele. Nilikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, nimeajiriwa fundi wa chumba cha anatomia katika chuo kimoja cha udaktari hapa Birmingham. Tulihifadhi kwa formalini, dawa inayozuia kuoza, miili ya watu walioitoa wenyewe kabla ya kufa ili wanafunzi wajifunze. Kila mmoja alifungwa kibati cha namba mkononi.

"Kikipotea, umempoteza mtu," alisema msimamizi wetu, mama wa mtaa wa Great Barr asiyecheka ovyo.

Profesa aliposikia najua Kifaransa, aliniomba nimsomee kitabu cha daktari wa kale wa Ufaransa, mmoja wa wapasuaji wa mwanzo. Alikuwa ametaja kila msuli na kila mshipa. Aliowapasua hakuwataja popote.

"Walikuwa watu walionyongwa," profesa akaniambia. "Nani angewauliza majina?"

Nilifunga kitabu. Kaka yangu amelala Kongo katika shimo la wengi, bila jina.

Mwaka wa tatu, nikipiga deki, niliokota vibati viwili. Nyuzi nilizozifunga mimi zilikuwa zimekatika. Mezani walilala mabibi wawili, mikono bila vibati, nami sikujua kipi ni cha nani, na wiki ile familia ya mmoja ilikuwa imchukue kwa mazishi. Hakuna aliyeniona. Nilivitia mfukoni, nikapanda basi hadi nyumbani Handsworth.

"Baba Furaha, nyamaza," mke wangu alinisihi. "Bakikufukuza, makaratasi yetu ya kukaa huku itakuwa je?"

Asubuhi nilimwekea msimamizi vibati mezani. Alibadilika rangi, akafunga mlango.

"Ungeweza kuvifunga tu kwa kubahatisha."

"Ningekuwa nimemzika nani, mama?"

Alifungua mafaili ya namba zile mbili. Mmoja alikuwa amewekewa chuma kwenye nyonga. Tulimpiga wa kwanza picha ya eksirei: hakuna kitu. Tukampiga wa pili, na chuma kikang'aa. Nikamfunga kibati chake, kisha mwenzake chake.

Nilipewa barua ya onyo, nikabaki kazini. Binti wa yule bibi aliyekuwa azikwe aliambiwa yote. Siku ya mazishi alinishika mkono kwa muda mrefu.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza woga unaisha lini. Wangu haukuisha hadi siku ya mwisho, na sikuomba uishe. Anayeingia chumba kile akipiga mluzi, huyo ndiye ninayemwogopa.