Mtani wa Mama pale Katonga

Asubuhi za Katonga zilinuka dagaa. Walianikwa mchangani, wakikauka taratibu juani, na harufu yao ikapanda pamoja na ukungu wa ziwa, ikaingia kwenye nywele, kwenye uji, hata kwenye ndoto. Ng'ambo, milima ya Kongo ilionekana na kupotea, buluu juu ya buluu. Nilikuwa na miaka minane, kazi yangu kufukuza kunguru huku mama akigeuza dagaa wake. Ilikuwa ile miaka ambayo wakimbizi walishuka ufukweni na magodoro vichwani, nami niliwatazama bila kufikiri kwamba habari zao zingetugusa.

Jirani yetu pale ufukweni alikuwa Mzee Filbert, Muha wa Kasulu, fundi wa nyavu. Sisi ni watu wa Ujiji. Bibi yake mama alivuka kutoka Kongo zamani sana, na kati ya watu wetu na wa Mzee Filbert ulikuwapo utani. Kila asubuhi alimpokea mama kwa kelele: "Mkimbizi wangu kaamka! Mnarudi lini kwenu?" Mama naye: "Muha wewe, oga kwanza ndipo useme na watu!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilidhani watu wazima wote hupendana kwa matusi.

Siku moja wakaja maofisa kutafuta walioingia bila kibali. Hawakuanza na karatasi. Walichagua kwa macho, sura fulani, kitenge kilivyofungwa. Wakamsimamisha mama. "Nimezaliwa Ujiji mie," alisema, "na mama yangu kazaliwa hapo hapo." Ofisa mmoja akamgeukia Mzee Filbert: "Unamfahamu huyu?" Mzee akajibu kama alivyozoea: "Namfahamu sana! Kavuka juzi na mtumbwi, hata miguu haijakauka!" Akacheka peke yake. Mama akapandishwa garini apelekwe kambini, na mzee akalikimbilia gari akiapa kwamba ulikuwa utani tu. "Sasa ndiyo unatania, mzee," ofisa alimwambia. Nilibaki na ungo mkononi, nalia.

Mama alirudi siku ya nne, baada ya baba kuzunguka na mjumbe wa nyumba kumi na wazee wa msikitini wakimtolea ushahidi. Hakumlaumu mtu. Kesho yake alikwenda kusimama mbele ya Mzee Filbert, akingoja. "Habari za asubuhi, mama," mzee alisema kwa adabu. Mama akamchokoza: "Muha, leo umeoga?" Mzee alitabasamu kidogo, akatazama barabarani. Ile adabu iliniuma, na mama ilimuuma zaidi, maana iliendelea miaka yote.

Siku hizi nina kitambulisho mfukoni, na Katonga sijasikia tena muuza dagaa akiulizwa alivuka lini. Ningependa kusema yamekwisha. Mwaka jana tulimzika mama. Kwetu mtani ndiye huchangamsha msiba: humkejeli marehemu mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Mzee Filbert, sasa mkongwe, alikuja akakaa kimya mkekani. Nilimwinamia: "Baba, mtukane mama kidogo, tafadhali." Alifungua mdomo. Kisha akageuka, akaangalia ni nani waliokaa nyuma yake, akaufunga.