Dakika Tano za Mikono

Wanawake wa mji wa Mingora walipotaka harusi yao ipigwe picha, walimwita Wagma. Kamera zilijaa mjini, lakini zilishikwa na wanaume, na mwanamume haingii walikokaa wanawake. Wagma hakuwa na vifaa vya kujivunia. Kamera aliinunua mtumba kule Peshawar, na kifuniko cha betri alikibana kwa utepe. Taa yake ilikuwa balbu ndani ya debe tupu la samli. Alipotaka picha itembee bila kutikisika, aliifunga kamera juu ya kigari cha mtoto akakisukuma katikati ya wachezaji.

“Wagma, mwanao mbona ana jicho moja?” walimtania.

“Hilo hilo linamtosha kuwaona mnavyokata viuno vibaya.”

Mtaji wake ulikuwa kuaminika. Kadi ya kamera ilinunuliwa na familia. Harusi ikiisha, familia ilimtuma mama mmoja mtu mzima akae kando ya kompyuta siku zote ambazo Wagma aliikata na kuiunga filamu. Kazi ikikamilika, mama yule alishuhudia kila kitu kikifutwa, akaiweka kadi kifuani, akaenda zake. Hakuna aliyeona ajabu, hata Wagma mwenyewe. Ila baada ya miaka kumi na mmoja na harusi zaidi ya mia mbili, mtu akimwomba amwonyeshe kazi yake, hakuwa na hata picha moja. Mshona nguo hupita njiani akaiona kazi yake imevaliwa. Ya Wagma ilifungiwa masandukuni, chini ya mablanketi ya watu.

Alikuwa na miaka thelathini na minne aliposikia habari za mafunzo ya filamu Lahore, mwaka mzima, chakula na malazi bure. Waliofikisha thelathini na mitano hawakupokelewa, na kila mwombaji alitakiwa kupeleka dakika tano za kazi yake mwenyewe. Alilisoma tangazo lile hadi akalikariri. Mkono mtupu haulambwi, na wake ulikuwa mtupu kabisa.

Majira yale ya kuchipua alikuwa akitengeneza harusi ya binti wa Bakhtawara. Aliyetumwa kukaa naye alikuwa Khaperai, wifi wa Bakhtawara, mjane mnene mwenye maneno mengi.

“Fanya kazi, mwanangu,” alisema akijinyoosha kwenye godoro. “Mimi ni mbwa wa mlangoni, ila meno yameniisha.”

Mchana walikula wali na maziwa ya mgando, na Khaperai akasinzia, mdomo wazi. Wagma alimtazama kwa muda. Kisha akanakili vipande vichache na kuvificha.

Hakuchukua uso wa mtu. Alichukua mikono. Uso ndio wenye jina, alijiambia. Mkono ni mkono tu. Akafanya vivyo hivyo kwa harusi nne zilizofuata, kila mlinzi alipokwenda kuswali au kupitiwa na usingizi. Vidole vikipiga mtungi kama ngoma. Viganja vya bibi harusi vikisubiri hina ikauke. Na kipande alichokipenda kuliko vyote: mkono wa mama ukimtoa binti yake uzi begani, ukautoa tena, ukautoa tena, ingawa uzi wenyewe ulikwisha kuanguka zamani.

Mkono ule ulikuwa wa Bakhtawara. Kidole chake cha mwisho kilikatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe alipokuwa msichana.

Kosa gani hilo kwa mtu aliyezaliwa Mingora! Mjini ambamo wanawake hupita njiani wamejifunika, uso ndio usiojulikana. Wanawake hutambuana kwa mikono: inayopokea mkate tanurini, inayopenyeza bakuli kwenye lango la jirani. Wagma mwenyewe angeweza kuitaja mikono hamsini bila kuona jicho hata moja. Lakini hamu ilimziba akili.

Aliviunga vipande vile vikawa dakika tano, akavituma, na Lahore wakamkubali. Wakaiweka filamu yake mtandaoni pamoja na nyingine, na siku ya tatu Khaperai akabisha mlangoni. Hakuketi.

“Mkono umetambuliwa. Nyumbani wameniuliza umenilipa nini.”

“Shangazi...”

“Nimewaambia nililala. Hawaniamini! Kaka yangu kasema mtu mzima halali akiwa amekabidhiwa heshima ya nyumba. Sasa mimi ndiye niliyewauza.” Akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. “Ungeniamsha, Wagma. Ungeniomba. Ningekukatalia, lakini ungeniomba.”

Wagma alichukua simu yake wakaenda pamoja. Njia nzima Khaperai alitangulia hatua kumi, kama mtu asiyefuatana na yeyote.

Bakhtawara alikuwa barazani akichambua mchele, mkono mmoja ukiwa chini ya ushungi. Wagma alisema moja kwa moja: shangazi alilala kweli, hakupokea kitu, mwizi ni mimi.

“Nionyeshe,” alisema Bakhtawara.

Akaitazama filamu. Ulipofika mkono ukitoa uzi begani, aliisogeza simu karibu na macho. Akaomba arudishiwe sehemu hiyo. Wagma akairudisha.

“Sikujua kama nilifanya hivi,” alisema polepole. “Mwanangu yuko Karachi sasa. Sikujua.” Akarudisha simu. “Ni nzuri, binti. Wallahi ni nzuri. Miaka thelathini nimeuficha mkono huu hata kwa mashemeji zangu, nawe umewapa watu nisiowajua. Iondoe.”

“Nikiiondoa nafasi yangu inakwenda, mama. Mwakani nitakuwa nimepita umri.”

“Nimesikia.”

Khaperai alikuwa amegeukia ukuta. Wagma alifikiri kumwomba Bakhtawara jambo moja zaidi, siku chache tu, au kipande kile kikatwe. Lakini Lahore walikwisha kumwandikia kwamba filamu iliyokubaliwa haibadilishwi. Na hata kama ingebadilishwa, bila mkono ule alibaki na nini?

Akapiga simu Lahore palepale, mbele yao, akasema filamu yake iondolewe. Msichana aliyepokea alimsikiliza, akamuuliza kama ana hakika, akamwambia lazima ataje sababu ili aiandike kwenye fomu.

“Andika haikuwa yangu.”

“Ina maana hukuipiga wewe?”

“Niliipiga mimi.”

Msichana akauliza basi aandike lipi. Bakhtawara alivuta sinia akaendelea kuchambua mchele, safari hii kwa mikono yote miwili. Wagma alisimama pale, simu sikioni, mikono ile mbele yake, na kwa mara ya kwanza hakujua aweke wapi macho yake.