Mifuko Bila Suruali

Kiingereza nilikianzia katikati, kama mtu anayeingia kanisani wakati wa sadaka. Kosa ni la mwalimu wangu, fundi cherehani wa mtaa wa Birere, mjini Goma, aliyetokea Kabale, upande wa Uganda. Yeye peke yake ndiye niliyemjua mwenye kitabu cha sarufi ya Kiingereza, na nusu ya kwanza alikuwa ameshaikatakata kuchorea vielelezo vya kola. Kilichobaki kilianzia kwenye sura ya maneno ya kuning'iniza: "bikozi", yaani kwa sababu, "olzo", yaani ingawa, "ifu", yaani kama. Wajukuu wangu wananiambia kinachofuata maneno hayo huitwa kishazi tegemezi. Fundi alikiita mfuko.

"Hiki ni mfuko tu," alisema siku ya kwanza, sindano mdomoni. "Sentensi yenyewe ni suruali. Mfuko bila suruali utauvaa wapi?"

"Na suruali ziko wapi, fundi?"

"Zilikuwa kule mbele," akajibu, akizitazama kola za karatasi zilizotundikwa ukutani.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja kando ya ziwa. Tulikuwa wawili. Patroni, Mbelgiji mwenye tumbo la kuheshimika, alitangaza kwamba atakayeweza kuwasemesha Waingereza waliokuja kutoka Kenya kutazama volkano atabaki Goma. Mwingine atapelekwa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi mbali kaskazini, kusimamia ununuzi wa samaki. Mimi na samaki hatukuwa na ugomvi. Lakini mke wangu alikuwa mjamzito, ndugu zake wote walikaa Goma, na kila nilipoitaja habari hiyo alikuwa na jibu moja.

"Kama banakutuma Vitshumbi..." Kisha anaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Sikuthubutu kumwuliza mwisho wa maneno hayo. Niliumalizia mwenyewe moyoni: utaenda peke yako. Niliogopa sana, ndiyo maana kila alasiri nilikimbilia Birere.

Tulisoma mifuko majuma sita. Sikuona ubaya wowote. Sisi tukisema "mlipofika" ni neno moja tu, limebeba kila kitu. Mwingereza anatumia matatu na bado anadai mengine, utadhani analipwa kwa neno.

Siku ya mtihani wakaja bwana na bibi, wamechomwa na jua mpaka puani. Mwenzangu aliwasalimu kwa "gudi moningi" saa tisa alasiri, akarudi jikoni mbio. Nikavuta koti langu, nikaenda mezani.

"Bikozi yu hevu kamu," nikasema. Kwa sababu mmefika. Nikainama. Wakangoja.

Nikaweka supu. "Olzo ze supu izi hoti." Ingawa supu ni ya moto. Bibi akabaki na kijiko hewani. Bwana akanisogezea sikio.

"Ifu yu wanti bredi." Kama mnataka mkate. Sasa wote wawili walikuwa wameinamia mbele, shingo ndefu, wanangoja suruali. Mkate nilikuwa nao mkononi, wala sikujua kwamba walikuwa wakingoja nimalize sentensi ndipo niutue. Supu ikapoa.

Patroni alikuwa mlangoni. Kiingereza chake kilikuwa pungufu kuliko changu. Alichokiona ni Wazungu wawili wakimsikiliza mtu mweusi kwa adabu, wameacha hata kula, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulifanya.

"Weye unabaki," akaniambia.

Nilimkuta mke wangu uani kwa mama yangu, tulikokuwa tukiishi, nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutwanga. Kiburi kikanipa ujasiri.

"Mama, ile maneno yako, 'kama banakutuma Vitshumbi', mwisho yake ilikuwa nini?"

Akasimamisha mchi, akaniangalia kama nimemwuliza jina lake.

"Mwisho gani? Tunaenda. Ulizani nitabaki hapa na mama yako?"

Akaingia ndani, akatoka na furushi la kitenge, akaanza kulifungua fundo kwa meno. Zilikuwa sufuria zetu. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa majuma sita tulikuwa tunapika kwenye sufuria moja, na sikuwahi kuuliza nyingine ziko wapi.