Uzio wa Mama Herman

Kwa miaka thelathini na mitatu Philomena hakulala bila kujua nani pale kijijini Daudi anaumwa, nani kachumbiwa na ng'ombe wa nani kazaa. Habari zote zilipita uwanjani, kile kipande cha majani mbele ya nyumba yake, mali ya ukoo wa mumewe, ambacho hakuna aliyewahi kukilima. Hapo vijana walicheza mpira, na wanawake walitua kuni wakaongea mpaka wakasahau kuni zenyewe. Hapo hapo yeye, bibi arusi mwoga kutoka Tlawi, alichezewa ngoma mpaka akacheka.

Mumewe, Bura, alipofariki, mwanawe Herman alikuja kutoka Babati na maneno ya watu waliosoma. "Mama, ardhi imekaa bure tu. Panda vitunguu saumu."

Imekaa bure! Lakini Philomena alikuwa na upweke, na mama mpweke humkubalia mwanawe mengi. Uwanja ukazungushiwa miti na miiba mpaka kwenye kona za nyumba, njia ikabaki ile ya nyuma, ya bondeni. Watoto walipopenya mara mbili kufuata mpira, alisimama kwenye mkutano wa kijiji, yeye asiyewahi kugombana na mtu, akasema kwa sauti kwamba atakayegusa uzio wake watakutana kwa mtendaji.

Hakuna aliyemnunia. Kanisani walimsalimu vizuri kama zamani. Ila watu sasa walipita mbali, na kwake kukawa kimya. Mjukuu wa jirani yake Imakulata alibatizwa, naye akapata habari baada ya wiki mbili. Akaanza kuamini kwamba wamemtenga, na hofu hiyo haikumtoka tena.

Mwezi wa nne, asubuhi ya mvua kubwa, ng'ombe wake wa pekee alishindwa kuzaa. Miguu ya ndama ilitoka, kichwa kikagoma. Philomena alipiga yowe, lile ambalo kwao hata mgonjwa huamka akalikimbilia. Akasikiliza. Akapiga tena. Kisha akarudi zizini, nyuma ya nyumba, akavuta peke yake huku analia.

Majirani walipofika, ng'ombe na ndama walikuwa wamekufa. Walikuwa watu kumi na mmoja, matope mpaka mapajani.

"Mmekuja kugawana nyama?" aliuliza. Hata shikamoo kwa Imakulata, aliyemzidi miaka ishirini, hakutoa.

"Mwanangu, yowe la kwanza tulilisikia," Imakulata alisema, akihema. "Tukaja mbio mpaka kwenye uzio wako. Tukaita, mvua ikatushinda."

"Si mngekata!"

"Ulitukataza mwenyewe, mbele ya watu. Nikolausi huyu alishainua panga, mimi nikamzuia. Tukazungukia bondeni, na korongo limejaa."

Philomena akatazama. Kutoka kwenye uzio ule mpaka zizini hazikufika hatua mia. Walikuwa wamesimama pale, wote hawa, wakati yeye anavuta na kuwalaani. Aliona aibu.

"Nikolausi, nipe hilo panga."

Akapita katikati ya vitunguu, akaanza kukata. Miiba ilimchana mikono, naye hakuacha. Wale kumi na mmoja walimfuata wakasimama nyuma yake kwenye mvua, na hakuna aliyenyoosha hata kidole, mpaka alipogeuka, uso umelowa, akasema:

"Guseni, jamani. Guseni."